Mtu wa Kulipwa

Wiki mbili zilizopita tulimzika Evaristo. Nilisafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga nikiwa na kitenge cheusi na miwani ya jua, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na bwana mmoja mwenye suti iliyombana tumbo. Alisoma kwamba marehemu alikuwa baba wa mchezo wa gofu hapa Ufipa, kwamba alicheza mashindano makubwa katika miji ya machimbo ya Zambia, na kwamba ndiye “aliyemlea, akamfundisha na kumfungulia milango ya dunia mchezaji wetu wa kulipwa, dada Skolastika, ambaye tunaye hapa.” Watu wakageuka. Simu zikainuliwa kunipiga picha. Niliwatazama kama ninavyowatazama wale wanaopiga makofi mpira ukiwa bado hewani, kabla hawajajua utaangukia wapi. Baadaye mwenye suti alinifuata na kuninong’oneza kama ningependa kusema neno la shukrani. Nikamwambia sipendi. Alidhani ni uchungu umenizidi, akanipigapiga bega.

Kunifundisha, ni kweli alinifundisha. Hayo mengine ya kulea na kufungua milango ni ya mwenye suti na wenzake, watu ambao hawajawahi kumwona marehemu akishika fimbo, na wangemwona wasingejua wanatazama nini. Mimi nilimwona kwa mwaka mzima. Wazazi wangu sitawataja hapa. Hawakuwepo na hawakuhusika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa nakaa kwa shangazi Pelagia, aliyekuwa na nyumba ya wageni kule Izia, mahali ambapo nyumba za mji zinakwisha na mahindi yanaanza. Ilikuwa na vyumba vinavyotazamana kwenye korido ndefu ya saruji, na mwisho wa korido sebule yenye meza kubwa ya chakula, picha ya Moyo Mtakatifu, na jiko la mkaa ambalo kuanzia mwezi wa sita tuliliingiza ndani kwa sababu ya baridi. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua mashuka na kutomjibu shangazi.

Evaristo alishuka kwenye lori lililotoka mpakani, akiwa na sweta lenye michoro ya pembe tatu, kofia nyeupe na mfuko mrefu wa ngozi uliojaa fimbo zenye vichwa vya chuma. Alikuwa Mfipa wa huku huku aliyekwenda Zambia akiwa kijana na kurudi akiwa na umri wa kati, anazungumza Kiswahili cha polepole chenye Kibemba ndani. Shangazi aliniambia nimwite mjomba kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Viatu vyake vya kuchezea vilikuwa na meno ya chuma chini, na vilichimba saruji ya korido hata shangazi akamwekea gunia mlangoni. Usiku wa kwanza alikula ugali wa ulezi na samaki wa migebuka wa kukaanga, akalamba vidole, akasema kwamba chakula cha Kitwe, kule machimboni, kilikuwa kizuri lakini hakikuwa chakula. Shangazi alimpenda palepale. Kila mtu alimpenda palepale. Ndiyo ilikuwa kazi yake, ingawa mimi nilichelewa kuelewa hivyo.

Aliitwa na Severini, mfanyabiashara wa mahindi mwenye malori na mashine za kusaga, ambaye aliwahi kwenda Dar akaona wakubwa wakipanga mambo yao huku wakitembea kwenye majani. Severini hakupenda gofu. Alipenda wale wakubwa. Akakusanya watu wa mji waliokuwa na suti zaidi ya moja, wakaunda klabu, wakampa yeye uenyekiti, wakapata eneo la malisho upande wa barabara ya kwenda Msanzi, nyasi fupi, miinuko midogo, upepo mtupu. Ng’ombe waliokuwa wakilishwa pale tangu zamani walifukuzwa na mgambo. Wenye ng’ombe walikwenda kulalamika, wakaambiwa wanazuia maendeleo. Haya yote nilikuwa nayasikia kwa sababu vikao vyao vilifanyika kwenye sebule ya shangazi, na mtu anayemimina chai haonekani. Walizungumza habari ya rangi ya fulana za klabu kwa vikao vitatu mfululizo. Habari ya ng’ombe ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja.

Jumamosi niliwapelekea chakula huko uwanjani, wali na nyama ndani ya masufuria yaliyofungwa kwa kanga, kwa hiyo nimewaona wakicheza. Severini alipiga mpira kama mtu anayeua nyoka. Fimbo ilichimba udongo, mpira ukasogea kidogo na kusimama, naye akautazama kwa hasira kama anavyomtazama mfanyakazi aliyechelewa kazini. Evaristo, aliyesimama pembeni na kofia yake nyeupe, akatikisa kichwa kwa mshangao.

“Mwenyekiti, nguvu hiyo haifundishwi,” alisema. “Mtu huzaliwa nayo. Kilichobaki ni kuielekeza tu.”

Severini alivimba. Akapiga tena, akachimba tena, na Evaristo akasifu tena. Alimsifu meneja wa benki kwa utulivu wake, meneja ambaye alikuwa anaogopa mpira. Alimsifu daktari kwa jicho lake, daktari ambaye aliupiga mpira ukaingia kwenye shamba la mtu. Jioni, mezani, alituigizia wote hao mmoja mmoja, namna wanavyosimama, namna wanavyotoa makalio, namna wanavyolaumu upepo, na shangazi alicheka mpaka akaweka chini kijiko. Mimi nilicheka pia mwanzoni. Kisha nikaanza kujiuliza akiwa na hao wengine hutuigiza sisi namna gani.

Lakini akiwa peke yake na fimbo, alikuwa mtu mwingine, na hapa sina budi kusema kweli ingawa sioni raha kuisema. Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, alilaza kikombe cha bati mwisho wa korido, akasimama mlangoni mwa chumba chake na soksi tu miguuni, akasukuma mpira juu ya ile saruji yenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe. Ulipinda, ukakwepa, ukaingia kwenye kikombe. Kila mara. Hakuwa na haraka wala madoido, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuuona akiwa na watu. Siku moja nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji, nikamwambia anipe nijaribu. Sikusema tafadhali. Akanitazama, akanipa fimbo, akanipanga vidole kimoja kimoja bila maneno mengi. Mpira wa kwanza ulipita. Wa pili uligonga kikombe. Wa tatu aliuangalia mpaka ulipoingia, akachukua fimbo yake, akasema, “Kesho njoo bila ndoo.”

Tangu hapo nilikwenda naye kwenye nyasi kabla ya kazi, umande ukiwa bado umelala na pumzi zetu zikionekana. Alikuwa mwalimu mkali. Wale wa suti hawakuwahi kukutana na mwalimu huyu. Aliniambia nimesimama vibaya, nimeshika vibaya, nina kiburi kwenye mabega. Nilipopiga vizuri aliweka tu mpira mwingine chini. Ilipofika wakati wa mavuno ya ulezi mpira wangu ulikuwa unakwenda mbali kuliko wa mwanachama yeyote, na unakwenda nilikouelekeza. Hapo ndipo aliposema, akiwa anafuta vichwa vya fimbo kwa kitambaa, “Una mkono, Skola. Wa kweli. Mkono huo hauwezi kubaki hapa na masufuria.”

Nilikuwa na miaka kumi na minane na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu. Niliyabeba maneno yale siku nzima nikifua mashuka.

Sherehe ya kuufungua uwanja ilipangwa baada ya baridi kupungua. Mgeni rasmi alikuwa bwana mkubwa wa kutoka Dar, mwenye tabia ya kucheza gofu na mwenye saini ambayo klabu iliihitaji ili eneo liwe lao kabisa. Klabu ya Mbala, ng’ambo ya mpaka, ilialikwa kama majirani, na majirani hao wakaleta zawadi ya maana kuliko kila kitu kilichoandaliwa: mshindi wa mechi ya heshima, kati ya Evaristo na mgeni rasmi, angechagua mtu mmoja wa kwenda kukaa kwao mwaka mzima kujifunza chini ya mwalimu wao, Mzee Chanda. Evaristo alinieleza habari hiyo tukiwa tunachambua mchele. Akaniambia nianze kutafuta sweta zito.

“Na kama ukishindwa?” nilimwuliza.

“Nishindwe na yule?” alisema, akacheka, akatupa kokoto mlangoni.

Kwa kuwa mgeni si mchezaji wa kulipwa, angepewa mapigo ya nyongeza, yale yasiyohesabiwa, kama ilivyo desturi, kwa hiyo mechi ingekaribiana. Hata hivyo sikuwa na wasiwasi. Jioni ya kuamkia sherehe Severini alikuja sebuleni, akakaa na Evaristo mezani, na mimi nikaleta chai na mihogo ya kukaanga.

“Mgeni lazima aondoke amefurahi,” Severini alimwambia Evaristo, ambaye klabuni walimwita Profesheno. “Unanielewa, Profesheno? Na ile nyumba ya mwalimu wa klabu tutaanza kuijenga mwezi ujao. Matofali yapo.”

“Ataondoka amefurahi, Mwenyekiti,” Evaristo alijibu, akachukua kipande cha muhogo.

Niliwasikia wote wawili waziwazi. Nilidhani anazungumza kuhusu mchezo mzuri na chakula.

Siku yenyewe kulikuwa na maturubai, kwaya, ngoma, na hotuba ya Severini ambayo upepo uliibeba nusu na nusu iliyobaki haikustahili kubebwa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mpole aliyecheza si vibaya. Evaristo alicheza kwa namna ambayo sitaisahau. Nimetembea viwanja vya nchi kadhaa tangu hapo na nimewaona wachache tu wanaopiga vile. Nilikuwa nimewekwa kwenye meza ya vinywaji, lakini kila nilipopata nafasi nilipanda kwenye kichuguu nikaangalia. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Mgeni alimaliza. Evaristo alibaki na mpira ulio mbali na shimo kama upana wa ile meza ya shangazi ya chakula, kwenye majani yaliyolala sawa. Akiukosa, ameshindwa; akiuingiza, wanabaki sawa na mechi inaendelea kwa shimo jingine, na huko mgeni hakuwa na mapigo ya nyongeza yaliyobaki. Evaristo alisimama namna ile ile ya asubuhi kwenye korido. Kisha, mkono ukishaanza safari yake, kiganja cha kushoto kilijigeuza kidogo, kidogo sana, jambo ambalo kiganja kile hakikuwahi kufanya mbele yangu hata mara moja. Mpira ukapita ukingoni mwa shimo na kuendelea.

Alijipiga paji la uso. Akapiga magoti, akashika kichwa, akamkumbatia mgeni. Watu walishangilia, kwaya ikaanza kuimba. Upande wa pili, mzee mmoja mwembamba wa Mbala, ambaye nilikuja kujua ndiye Chanda, aligeuka akaenda kukaa kwenye gari lao akafunga mlango. Mgeni rasmi alipoulizwa anamchagua nani kwenda Mbala, akamgeukia mwenyeji wake, na Severini akamtaja mpwa wake, kijana ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa uvivu. Alikaa Mbala siku chache, akarudi akisema kuna baridi. Kana kwamba Sumbawanga hakuna baridi.

Chakula cha jioni siku ile nilikipakua mimi. Shangazi alikuwa amechoka amekwenda kulala. Evaristo alikaa mahali pake akanawa mikono.

“Umekosa makusudi,” nilimwambia.

“Kaa ule, Skola.”

“Nimekuona kiganja.”

Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala taratibu. “Kazi ya mtu wa kulipwa,” alisema, “ni kumfurahisha anayelipa. Mimi nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa na nywele zote. Unadhani wazungu wa machimboni nilikuwa nawashinda? Niliwashinda siku moja, nikakaa mwaka bila kazi.”

“Kwa hiyo hata mimi uliniambia nina mkono ili nifurahi.”

Hapo aliacha kutafuna. “Hapana. Wewe nilikuambia kweli.”

“Kwa nini mimi?”

“Kwa sababu wewe hukuwa unanilipa.”

Nadhani alitaka liwe neno la kunituliza. Angekuwa mchezaji mbovu ningemhurumia. Lakini alikuwa na kitu ambacho Severini na malori yake yote hawakuweza kukinunua popote, na akakitoa kwa ajili ya nyumba ya matofali na kupigwapigwa mgongoni. Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Mwezi haukupita nikapanda lori la mahindi lililopitia Msanzi na Matai mpaka Kasesya, nikavuka, nikafika Mbala nikiwa na sweta la shangazi na fimbo moja niliyoichukua kwenye mfuko wa ngozi. Shangazi alijua. Evaristo naye alijua, maana alikuwa amekaa barazani akiniona nikitoka nayo, akaniacha nipite. Mzee Chanda nilimkuta akinywa chai nyuma ya jengo la klabu, mtu wa hasira, asiyependa wageni wala wanawake wala Watanzania. Kimambwe chake na Kifipa changu vilielewana bila shida. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa. Akaniuliza kama ni kweli yule jamaa wa kofia nyeupe alikosa kwa upepo.

“Alikosa kwa kiganja,” nilisema. “Cha kushoto.”

Akaweka kikombe chini. “Onyesha.”

Nikamwonyesha, kwanza namna alivyokuwa akipiga asubuhi, kisha namna alivyopiga siku ile. Mpira mmoja uliingia, wa pili ukapita ukingoni. Mzee hakusifu. Alisema nitalala kwenye stoo ya mashine za kukatia majani na nitazikata mwenyewe hizo nyasi, na nikianza kulialia nitarudi kwetu. Nilikaa kwake miaka mitatu. Yaliyofuata yanajulikana kwa wanaojali mambo hayo, nao si wengi: Ndola, Lusaka, Nairobi, mashindano niliyoshinda na mengi zaidi niliyoshindwa, kisha kazi ya kufundisha Dar, ambako nimewafundisha watu wa aina ya Severini kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumwambia hata mmoja kwamba amezaliwa na kitu. Baadhi wamehama kwa walimu wengine. Wamebaki wanaotaka kujua.

Ile klabu ya Sumbawanga ilikufa. Saini ilipatikana, nyumba ya mwalimu ikafika usawa wa madirisha, kisha Severini akaona njia nyingine ya kuwafikia wakubwa, akaugawa uwanja kuwa viwanja vya kujenga. Evaristo hakupata nyumba. Alipanga chumba, akaoa, akaendelea kuwa mtu anayependwa, akizunguka na wakubwa waliokuja mkoani na kutaka mtu wa kuwachezesha kwenye nyasi zozote zilizokuwepo.

Mara ya mwisho nilimwona Dar, miaka michache iliyopita. Alikuja klabuni ninakofundisha akiwa na mkubwa mmoja wa zamani ambaye walikuwa wakicheza pamoja kwa muda mrefu, amezeeka, amepungua, mkononi kabeba koti la yule bwana. Nikamwamkia shikamoo mjomba kwa kuwa sikulelewa vibaya. Yule bwana alitaka kucheza nami. Evaristo akanivuta pembeni.

“Skola, kijana wangu anatafuta kazi, na huyu mzee anaweza kumpatia. Mwachie shimo moja moja ajisikie.”

“Amewahi kukushinda?”

“Kila mara,” alisema, akatabasamu kidogo.

Sikumwachia hata moja. Tulipomaliza yule bwana alikuwa anahema, lakini hakukasirika. Alikaa kwenye benchi akafikiri, kisha akamtazama rafiki yake wa miaka mingi. “Evaristo,” alisema polepole, “huyu umemfundisha wewe. Na mimi nakushinda wewe kila siku. Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukinidanganya?”

“Nilitaka ufurahi, mzee,” Evaristo alijibu.

Yule bwana alichukua koti lake mwenyewe, akaingia kwenye gari, akaondoka. Evaristo alibaki ameegesha mkono kwenye ukuta. Nilimpeleka kwangu, nikampa chakula na kitanda, na alfajiri nikamwendesha mpaka stendi. Njia nzima hakunilaumu na mimi sikuomba radhi. Alipokuwa anashuka, mguu mmoja tayari chini, akageuka.

“Kwenye mapigo marefu bega lako la kulia linashuka mapema,” alisema. “Huyo mzee wako Mmambwe hakukuambia?”

Nilikwenda moja kwa moja uwanjani, nikapiga mipira mpaka jua likawa kali. Alikuwa sahihi. Nililirekebisha bega wiki ileile. Kumsamehe, sijamsamehe.